FAILI YA KUWASHIA SIMU: NAMNA INAVYOFUNGULIWA NA KUFUNGWA UPYA

  Mwaka huu sikuja na hadithi ya sungura na fisi, wala insha ya "Siku Sitakayoisahau". Nimekuja na jambo ambalo limo mifukoni mwa wazazi wetu kutwa kucha, ila ni wachache mno waliokwisha kulichungulia kwa ndani. Nataka tuifungue pamoja ile faili inayoiamsha simu, tuone kilichomo, kisha tuifunge tena bila kuharibu kitu.

Huenda ukauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Si tuwaachie watu wa kompyuta?" La hasha! Simu siku hizi ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo saa, ndiyo tochi na ndiyo kitabu cha picha za familia. Nyumba nyingi mtaani kwetu zina simu moja nzuri inayotumiwa na watu watano. Ikifa hiyo, nyumba nzima imeziba masikio. Tena kabati zetu zimejaa simu kuukuu ambazo vyuma vyake bado ni vizima, ila kampuni zilizoziunda ziliacha zamani kuziletea programu mpya. Simu kama hizo zinaweza kufufuliwa, na mlango wa kuingilia ni faili hiyo moja. Lakini mlango huo huo ndio wanaopitia wale wanaoziua simu za watu kwa pupa. Kazi hii si uchawi wala si ujanja wa mjini. Ni kazi ya kufungasha, na siri yake ni moja tu: kila kitu kirudi mahali pake na kwa kipimo chake.

SIMU HUAMKAJE?

Hapa nazungumzia simu zinazotumia Android, ambazo ya kwanza iliuzwa mwaka wa 2008. Si zile za mulika mwizi.

Unapobonyeza kile kitufe cha kuwashia, simu haijui lolote. Haijui kama ina kioo, haijui kama ina kamera, haijui hata jina lako. Ndani ya chipu yake kuu mna maagizo machache yaliyoandikwa kiwandani na ambayo hayafutiki. Maagizo hayo huita programu ndogo ambayo mafundi huiita butiloda. Huyu ndiye bawabu wa simu. Kazi yake ni kwenda kwenye sehemu fulani ya hifadhi ya simu, kuichukua faili iliyowekwa pale, kuikagua na kuikabidhi madaraka. Faili hiyo ndiyo faili ya kuwashia, na ukiikuta kwenye kompyuta aghalabu jina lake ni boot.img. Hizo herufi za mwisho ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya picha, lakini usidhani ni picha ya kupigwa kwa kamera. Ni nakala kamili, baiti kwa baiti, ya kile kilichomo katika sehemu ile ya hifadhi.

Ndani ya faili hiyo mna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni kiini. Hiki ni Linux, kile kile kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Ufini. Kiini ndicho kinachojua kuzungumza na vyuma: kioo, betri, spika, redio ya mtandao na kadhalika. Cha pili huitwa ramdiski. Hii ni kama begi dogo la safari lenye faili chache za kuanzia. Butiloda hukiweka kiini na begi lake katika kumbukumbu ya muda ya simu, kiini kikaamka, kikalifungua begi, kikatafuta ndani yake programu iitwayo init na kuipa kazi. Init ndiyo programu nambari moja. Hiyo ndiyo inayoziamsha nyingine zote hadi ukaona saa na picha ya maua kwenye kioo.

Kwa hivyo mnyororo ni huu: chipu, butiloda, kiini, ramdiski, init, kisha simu nzima. Pete moja ikikatika, mambo yamekwisha. Ndiyo maana utaona simu nyingine ikiwaka, ikaonyesha jina la kampuni, ikazima, ikawaka tena, mchana kutwa kama taa ya matatu inayokata kona. Mara nyingi pete iliyokatika iko hapa hapa katika faili ya kuwashia.

DAFTARI LENYE JALADA NA INSHA

Ili tuelewane, fikiria daftari la insha. Mwalimu wetu wa Kiswahili ana sheria zake. Jalada liwe na jina na darasa. Kila insha ianze kwenye ukurasa mpya. Insha ikiisha katikati ya ukurasa, nafasi iliyobaki iachwe wazi, usiibane insha nyingine pale.

Basi faili ya kuwashia ni daftari la namna hiyo hiyo. Jalada lake huanza kwa baiti 8 zinazosomeka ANDROID! pamoja na ile alama ya mshangao. Butiloda isipoziona herufi hizo mwanzoni, inaikataa faili papo hapo. Baada ya herufi hizo hufuata nambari: kiini kina ukubwa gani na kiwekwe anwani gani katika kumbukumbu, ramdiski ina ukubwa gani na iwekwe wapi, na ukurasa mmoja wa daftari hili una baiti ngapi. Zaidi ya hayo pana nafasi ya baiti 512 ya kuandikia maagizo ambayo kiini kitayasoma kikiamka. Baada ya jalada huja kiini, halafu ramdiski, na katika simu nyingine huongezwa ramani ya vifaa inayokieleza kiini ni chuma gani kimefungwa wapi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nambari za jalada huandikwa kinyumenyume. Kipande kidogo cha nambari hutangulia, kikubwa kikafuata. Ukifungua faili kwa programu ya kuonyesha baiti, ukahesabu kutoka sifuri hadi nafasi ya 36, utakuta ukubwa wa ukurasa. Ukiona 00 08 00 00, maana yake ni 8 mara 256, yaani baiti 2048. Ukiona 00 10 00 00, ile 10 si kumi yetu ya kawaida bali ni kumi na sita, kwa sababu hesabu hii ni ya msingi wa 16. Basi 16 mara 256 ni 4096. Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika majalada ya aina tatu za mwanzo. Ya baadaye nitayagusia hapo chini.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Usikunje uso, hii ni hesabu ya kugawanya tu. Tuseme kiini kina baiti 8,000,000, ramdiski ina baiti 1,500,000, na ukurasa mmoja ni baiti 2048.

Jalada lina ukurasa wake, kwa hivyo kiini kinaanza kwenye baiti ya 2048. Gawanya 8,000,000 kwa 2048, utapata 3906 na robo. Robo haiwezi kuachwa nje, kwa hivyo kiini kinachukua kurasa 3907, ambazo ni baiti 8,001,536. Zile baiti 1536 zilizobaki mwishoni hujazwa sifuri, kama mistari mitupu baada ya insha. Ongeza baiti 2048 za jalada, unapata 8,003,584. Hapo ndipo ramdiski inapoanza, wala si baiti moja mbele au nyuma. Ramdiski nayo inachukua kurasa 733. Ukijumlisha ukurasa 1 wa jalada, 3907 za kiini na 733 za ramdiski, daftari lote lina kurasa 4641, yaani baiti 9,504,768.

Sasa tuseme mtu amefunga vitu hivyo hivyo kwa kurasa za 4096, na butiloda ya simu hiyo inajua 2048 peke yake. Kiini kitakuwa kwenye baiti ya 4096, nayo butiloda inakitafuta kwenye 2048. Pale itakuta sifuri tupu. Simu itanyamaza. Vitu vyote vimo ndani, hakuna kilichopotea, ila havikupangwa mahali vinapotafutwa. Ni kama mwalimu aliyeambiwa insha iko ukurasa wa pili, naye mwanafunzi ameiandika ukurasa wa tatu.

KUIFUNGUA

Kuna programu za bure za kufanya kazi hii kwenye kompyuta. Moja huitwa unpackbootimg, na jina lake linasema kazi yake. Kuna Android Image Kitchen, yaani jiko la kupikia faili hizi. Kuna pia magiskboot, iliyomo ndani ya Magisk, mradi ulioanzishwa na John Wu mwaka wa 2016. Zote huikata faili vipande vipande: hiki kiini, hii ramdiski, na hizi hapa nambari zilizokuwa kwenye jalada.

Wengi huvikimbilia vipande na kuzidharau nambari. Nambari hizo ziandikwe na ziwekwe vizuri! Ukubwa wa ukurasa, anwani na yale maagizo ya kiini ndivyo vitakavyorudishwa kwenye jalada jipya. Mtu akizipoteza ni sawa na fundi aliyeifungua injini akatupa skrubu majanini.

Ramdiski yenyewe imefungwa mara mbili, kama chapati iliyofunikwa kwa karatasi kisha ikatiwa mfukoni. Mfuko wa nje ni mbano. Mara nyingi ni gzip, ambayo utaitambua kwa baiti zake mbili za kwanza, 1f 8b. Ukiuvua mfuko huo unakutana na karatasi ya ndani, nayo ni kumbukumbu ya aina ya cpio. Kila faili iliyomo ndani hutanguliwa na tarakimu 070701. Baada ya kuifungua hiyo ndipo unapoziona faili zenyewe, ikiwemo ile init.

Hapa pana mtego. Cpio haibebi yaliyoandikwa ndani ya faili tu. Inabeba pia habari za mwenye faili na ruhusa zake: nani aisome, nani aiandike, nani aiendeshe. Ukizifungua faili hizi kwenye kompyuta kwa njia isiyozitunza ruhusa, init inaweza kupoteza ruhusa ya kuendeshwa. Ukiifunga hivyo, kiini kitaamka, kitaiona init kwa macho yake, lakini hakitaweza kuiendesha. Hapo kiini hushikwa na hofu (jamani, ndivyo wenyewe wanavyosema, kwamba kimeshikwa na hofu) na simu hujizima. Kwa hivyo tumia zile programu zinazotunza ruhusa.

KUIGEUZA UMBO

Laiti simu zote zingetumia daftari la aina moja! Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa kwetu zina chipu za MediaTek, kampuni ya Taiwan. Katika simu za zamani za chipu hizo, kiini na ramdiski kila kimoja hubandikwa kilemba cha baiti 512 mbele yake. Kilemba hicho huanza kwa baiti 88 16 88 58, kinataja ukubwa wa kitu kilichokivaa, na kina jina, KERNEL kwa kiini au ROOTFS kwa ramdiski. Ukitaka kuifungua ramdiski ya simu kama hiyo, sharti uvue kilemba kwanza, la sivyo gzip itakwambia haijui hiki ni kitu gani. Ukimaliza kazi, unakivika kilemba kipya chenye ukubwa mpya.

Kuna vifaa vingine ambavyo bawabu wake ni U-Boot. Huyu hataki kusikia habari za ANDROID!. Anataka kiini chenye kilemba cha baiti 64 kinachoanza kwa 27 05 19 56, na ndani yake mna hesabu ya kuhakikisha kwamba hakuna baiti iliyobadilika njiani. Programu iitwayo mkimage ndiyo inayokishona kilemba hicho.

Mbano nao hugeuzwa. Simu nyingi mpya zimeacha gzip zikashika lz4, kwa sababu lz4 hufunguka haraka zaidi. Lakini usibadilishe kwa kupenda tu. Kiini kinafungua mbano ule tu ambao kilifundishwa kilipoundwa. Hata lz4 yenyewe ina maumbo mawili, na kiini cha Linux kinatambua lile la zamani.

Aidha, Android yenyewe imekuwa ikihamisha vitu. Ilipofika Android 10, ramani ya vifaa ilipewa nafasi yake katika jalada. Kuanzia Android 11 likaja jalada jipya lenye ukurasa wa baiti 4096 usiobadilika, na vitu vya kampuni vikatengewa faili yao iitwayo vendor_boot. Simu zilizotoka kiwandani na Android 13 ramdiski yake ya kawaida imehamia faili nyingine iitwayo init_boot. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Fungua boot.img utaikuta ramdiski," muulize kwanza, "Ya simu gani, na ya Android ya ngapi?"

KUIFUNGA UPYA

Kufunga ni kurudi kwa njia uliyokujia. Faili zinatiwa katika cpio ya umbo lile lile, cpio inatiwa katika mbano ule ule, kilemba kinarudi kama kilikuwako, kisha programu ya mkbootimg inapewa kiini, ramdiski na zile nambari ulizoziandika. Hiyo ndiyo inayoandika jalada, kupanga kurasa na kujaza sifuri.

Kabla hujabadilisha hata nukta moja, fanya hivi: fungua faili, kisha ifunge upya bila kugusa kitu. Halafu jaribu kama simu inaamka nayo. Ikiamka, umejua mikono yako ni misafi na programu zako ni nzuri. Isipoamka, umejua kosa liko kwenye kufunga, wala si kwenye mabadiliko yako, kwa sababu hujabadilisha chochote. Wanaoruka hatua hii hujikuta wanatafuta sindano gizani.

Tena tazama ukubwa. Sehemu ya hifadhi iliyotengewa faili hii haitanuki. Kama ni ya megabaiti 16, faili ya megabaiti 17 haiingii hata ukiisukuma kwa goti.

Na kuna njia ya kujaribu bila kuandika. Kompyuta huzungumza na butiloda kwa programu iitwayo fastboot. Katika simu zinazokubali, agizo la "fastboot boot" huipeleka faili katika kumbukumbu ya muda peke yake. Ikishindwa, unazima na kuwasha, na simu inaamka na faili yake ya asili. Si simu zote zinazokubali, lakini inayokubali ni neema. Kuonja si kula.

KUFULI NA SAHIHI

Pengine umekwisha kujiuliza, "Kumbe mtu yeyote anaweza kuiokota simu yangu akaitia faili yake?" Swali zuri. Ndiyo sababu kampuni huweka kufuli kwenye butiloda. Kuanzia Android 8 ya mwaka wa 2017 utaratibu huu uliimarishwa. Kampuni huipiga faili hesabu fulani inayotoa alama kama ya kidole gumba, kisha huitia alama hiyo sahihi kwa ufunguo wa siri wa kampuni. Simu ikiwaka, butiloda huipiga faili hesabu ile ile na kulinganisha. Ukibadilisha baiti moja tu kati ya milioni tisa, alama inakuwa nyingine kabisa, na bawabu anakataa.

Anayetaka kutumia faili yake mwenyewe lazima alifungue kufuli la butiloda. Simu nyingine huruhusu, nyingine hazikubali kamwe. Na zinazoruhusu hufanya jambo moja makusudi: zinafuta kila kitu cha mwenyewe. Picha, ujumbe, sauti, vyote huenda. Si ubaya, ni ulinzi, ili mwizi asilifungue kufuli akasoma siri zako. Baadaye kila ukiwasha simu utaonywa kwamba kufuli liko wazi, na programu nyingine za benki zitakataa kufanya kazi ndani yake.

Mambo haya niliyaona kwa macho likizo ya Agosti. Binamu yangu ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji, nami humsaidia. Akaja mama mmoja mwenye kikapu cha sukuma wiki, akaitoa simu ndani ya leso.

"Mwanangu, hii inawaka, inaandika jina la kampuni, halafu inazima. Tangu juzi."

"Mama, kuna mtu ameigusa?" binamu akauliza.

"Ni kijana wa jirani. Alisema ataifanya iwe na kasi."

Binamu aliitazama ile simu, akatazama nambari iliyo ndani chini ya betri, akatikisa kichwa. Kijana yule alikuwa amelifungua kufuli, akatia faili ya kuwashia ya simu nyingine yenye jina karibu sawa, tofauti ikiwa herufi moja tu mwishoni. Nje ni pacha, lakini ndani vioo ni vya aina mbili. Binamu alitafuta programu kamili ya kampuni ya simu ile hasa, akaitoa boot.img ndani yake, akairudisha. Kwa dakika chache simu ikaamka. Mama akashangilia, akampigia makofi. Kisha akaanza kutafuta kitu kwenye kioo.

"Na zile picha za nyanya yao, ziko wapi? Si alituacha mwezi wa tatu."

Binamu hakujibu mara moja. Alimweleza pole pole kwamba pesa zake za M-Pesa ziko salama, kwa kuwa haziwekwi ndani ya simu. Lakini picha zilifutika siku ile kufuli lilipofunguliwa, na fundi hana mahali pa kuzitoa. Mama aliikunja leso yake, akalipa, akaenda. Hatukumwona akikasirika, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Wanafunzi wenzangu, faili ya kuwashia ikiharibika inarudishwa, maadamu butiloda ni nzima na faili ya asili ipo. Picha ya marehemu hairudishwi.

SHERIA ZA KUSHIKA

Kwa ufupi, atakayetaka kujifunza kazi hii ashike haya:

1. Jifunzie kwenye simu kuukuu iliyo yako na isiyotegemewa na mtu. Simu ya mama si uwanja wa mazoezi.

2. Nakili kwanza kila kilicho cha thamani, picha kabla ya vyote, na ukiweke nje ya simu.

3. Hifadhi faili ya asili ya kuwashia mahali pawili. Bila hiyo usianze.

4. Hakikisha faili ni ya simu ile ile hasa, hadi herufi ya mwisho ya jina lake, na ya toleo lile lile la programu yake.

5. Andika nambari zote za jalada. Funga upya bila kubadilisha kitu, ujaribu, ndipo ubadilishe. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

6. Usikubali kuifanyia kazi simu ambayo mwenyewe hajulikani. Maarifa haya si ya kuwasaidia wezi.

MWISHO

Kuna faida gani basi? Iko, tena kubwa. Kiini cha Linux hutolewa kwa leseni inayoitwa GPL, toleo la 2, ambayo inaitaka kampuni inayokigawa kiini ndani ya simu itoe pia maandishi yake ya asili. Kwa hivyo watu wa kawaida wameweza kuzitengenezea simu zilizoachwa programu mpya. Mradi wa LineageOS ulianza Desemba 2016, CyanogenMod ilipofungwa, na ule wa postmarketOS ulitangazwa mwaka wa 2017 ukiwa na nia ya kuzipa simu maisha marefu. Miradi yote miwili kazi yake hupitia katika faili hii: kuifungua, kuigeuza, kuifunga. Simu iliyotupwa kabatini huweza kuwa redio ya nyanya au kamusi ya mdogo wako.

Tena yapo mafunzo yasiyo ya simu. Kazi hii inakufundisha kusoma jalada kabla ya kusema, kuandika ulichokikuta kabla ya kukigusa, na kurudisha vitu kwa kipimo chake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nao hawakuwahi kuiona simu. Chumba chetu cha kompyuta kipo, programu ni za bure, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shime, tuiname!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili